Naomba ushauri: umeme wa amplifaya ya wati 1,000 kwenye Noah

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Noah, nimeweka amplifaya ya besi ya wati 1,000 halisi, siyo zile za kuandikwa kwenye boksi. Fundi amevuta waya mwembamba kutoka kwenye betri hadi nyuma, na fyuzi kaiweka kulekule kwenye amplifaya. Besi ikipiga, taa zinafifia na waya unapata moto. Nimeichomoa kwanza, maana gari hili linabeba wanangu.

Nijuavyo, fyuzi kubwa kazi yake ni kulinda waya, hivyo inatakiwa ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi. Waya ukichubuka njiani ukagusa bodi, fyuzi iliyo nyuma haisaidii kitu. Betri inamwaga umeme wote pale na zulia linashika moto.

Kwa hesabu yangu, amplifaya ya klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi kama joto) yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta kama ampea 90 ikipiga kwa nguvu zote. Alteneta yangu, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, ni ya ampea 80, na bado kuna taa na kiyoyozi.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 35, urefu mita 5, unatosha? Madukani nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, mnaitambuaje kabla ya kulipa? Hasi niifunge kwenye bodi nikishakwangua rangi, au niivute hadi kwenye betri? Na nianze na alteneta kubwa au betri ya pili? Mimi naona betri ya pili peke yake ni kuahirisha tatizo. Waliowahi kufunga mfumo kama huu, nisaidieni.