Naomba ushauri: mwanafunzi wa Darasa la Tatu anayesema kwa kishikwambi

Mwalimu_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasomesha Darasa la Tatu huku Wete, Pemba, wanafunzi 58. Tumepokea mtoto wa kiume mwenye mtindio wa ubongo. Anasikia na anafahamu vizuri, ila hatamki maneno ya kueleweka, na mkono anaoutumia ni mmoja tu, kwa tabu. Wazee wake wamempatia kishikwambi cha inchi 8 chenye Cboard, ile programu ya bure ya kugusa picha kikatoa sauti. Anagusa "maji" na "chooni" tu. Akijaribu sentensi kinasema "mimi taka kula". Kiganja kikilalia skrini yanatoka maneno matatu kwa mpigo. Chaji haifiki saa tano. Na wenziwe wanamzonga, wanabonyeza wao. Nianzie wapi?

BintiMicheweni
Wa alaykum salaam, mwalimu. Anza na maneno, hayo mengine yatafuata. Mtoto anaomba maji na choo kwa sababu hayo ndiyo aliyowekewa. Hawezi kukataa, kuuliza, wala kukwambia hajaelewa kwa picha ya kikombe.

Hilo la "mimi taka" chanzo chake ni kuwa programu nyingi za namna hii zimepangwa kwa kufuata Kiingereza, ambako kila neno husimama peke yake. Chetu kinabeba nafsi, wakati na kukanusha ndani ya neno moja. Kwa hiyo usimtenganishie. Weka vitufe vya "nataka", "sitaki", "naweza", "siwezi", "nimemaliza", "sijamaliza", kisha vitendo vyote viingize na ku- yake: kula, kwenda, kuandika, kucheza. Hapo kwa kugusa mara mbili anapata "siwezi kuandika" au "sijamaliza kula", na sarufi imekaa sawa. Sifa nazo zinasumbua kwa sababu ya ngeli, basi mpe "vizuri" na "vibaya", hazibadiliki. Ongeza "sielewi", "tena", "subiri", "nisaidie", "kwa nini", "nani", "wapi", "sio hivyo", "nina swali", "naumwa". Choo kibaki, lakini pembeni. Ukifungua sehemu ya kuhariri utakuta maandishi ya kitufe ni mbali na maneno yanayotamkwa: andika "chooni", kitamke "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni."

Vitufe 24, safu 6 kwa mistari 4, vinatosha kwa ukurasa wa mwanzo. Ukishavipanga usivihamishe hata kimoja, maana kidole huzoea mahali kabla jicho halijatafuta. Ukihamisha "sitaki" leo, kesho anaanza upya.

Sasa la muhimu kuliko yote: wewe mwenyewe kitumie. Watoto wengine wamesikia watu wakisema miaka na miaka kabla ya kutamka neno. Huyu hajamuona mtu hata mmoja akisema kwa picha. Chapisha ukurasa uleule kwa ukubwa wa A3, ubandike kando ya ubao. Ukisema "subirini kidogo", gusa "subiri". Ukiuliza "nani anajua?", gusa "nani". Neno moja au mawili kwa sentensi, huku ukisema kwa kasi yako ya kawaida. Usimwamrishe "bonyeza hapa", huo unageuka mtihani. Ukimuuliza, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kuongeza neno. Darasa lenye haraka humkatiza kidole kikiwa njiani.

Maswali nayo yageuze. Ukiuliza "Karafuu huanikwa juu ya nini?", anahitaji kitufe cha "jamvi", na hutaweza kumwekea kila jina la kila somo. Uliza "Karafuu ziko juani, mvua inakuja, tufanye nini?" Kwa "kuweka", "ndani" na "haraka" amejibu, na umejua kama amefahamu.

Fundi_Chake
Kiganja: tafuta kipande cha perspeksi (plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo) cha milimita 3, kikatwe sawa na skrini, kitobolewe tundu moja juu ya kila kitufe, kingo zipigwe msasa. Kishike kwa velkro pembeni. Mkono utalala juu yake bila skrini kuhisi, kidole kitaingia kwenye tundu lililokusudiwa. Zima kujizungusha kwa skrini, la sivyo kikigeuka tu matundu hayalingani tena na picha. Kishikwambi kiegemezwe, kisilale bapa. Na mtoto mwenyewe akae miguu ikiwa imefika chini, kama haifiki weka kibao. Mwili ukiyumba mkono haulengi.

Mate na jasho: tone la maji skrini hulisoma kama kidole. Kitambaa kikavu kiwe mezani daima.

Chaji: punguza mwanga, zima intaneti. Sauti ya Kiswahili ipakue kabisa ndani ya kifaa kwanza, ndipo ukizima intaneti isinyamaze. Pawabenki ya mAh 10,000 usiihesabu yote, kiasi cha theluthi hupotea volti 3.7 ikipandishwa kuwa 5. Inatosha kukijaza kishikwambi cha inchi 8 mara moja hivi. Hewa yetu ya chumvi hula tundu la chaja. Likianza kutoshika, zima kifaa, safisha kwa kijiti cha meno, si sindano.

Mvua ikipiga bati sauti ya kishikwambi haisikiki kabisa. Weka ukurasa wa karatasi wenye mpangilio uleule, A4 iliyopigwa plastiki, mezani kila siku, si siku ya kuharibika tu.

MamaWawili
Kuhusu kuzongwa: gawa nakala za karatasi kwa wenziwe, wazichezee wao kwa wao, hamu itapungua. Kishikwambi ni mdomo wake, haguswi mtu mdomo bila idhini. Na asinyang'anywe kwa adhabu, wala kisifungiwe kabatini wakati wa mapumziko. Kishikwambi cha Android kuanzia toleo la 5 kinaweza kubandikwa kwenye programu moja kisitoke, hata wakibonyeza.

Mwalimu_Wete
Ahsanteni sana. Mtihani je? Msaidizi huwa anamshika mkono ili abonyeze.

BintiMicheweni
Hilo liache leo. Mkono ukishikwa hujui jibu ni la nani. Chama cha wataalamu wa usemi na usikivu cha Marekani, ASHA, kiliukataa rasmi mtindo huo mwaka 2018. Mkono autegemeze mezani, mtu asimguse. Mpe kadi kubwa za A, B, C, D na muda wa ziada, na kurasa za somo zenye majibu uzifiche. Halafu mtengenezee ukurasa wa herufi. Ukitoa q na x, na c ukaiandika ch, alfabeti yetu ina herufi 24, zinaenea kwenye matundu yaleyale ya perspeksi. Siku akitaka neno ambalo hakuna aliyemwekea, ataliandika.