Naomba ushauri: kumpeleka mama Brugge wakati wa Krismasi

Habari zenu ndugu zangu. Mama amekuja kutoka Tanga kunitembelea hapa Brussels, na Krismasi hii nataka nimpeleke Brugge. Kwa treni ni kama saa moja tu. Wasiwasi wangu ni magoti yake: njia za kule ni za mawe, na mnara wa Belfort una ngazi 366, huo tumeshauacha. Ninachotamani ni aione sanamu ya Bikira Maria na Mtoto ya Michelangelo, katika kanisa la Onze-Lieve-Vrouwekerk, maana rozari haimtoki mkononi. Jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na baridi hajaizoea. Mliowahi kwenda na wazazi, turudi siku hiyohiyo, au tulale aone taa za uwanja wa Markt? Na viatu gani vinamfaa?