Mrejesho: Ruta iliyogoma kwenye rommon imewaka

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu ruta (kifaa cha kuunganisha mitandao) ya Cisco ya ofisini kwetu hapa Mtwara mjini: umeme ulikatika, uliporudi ikasimama kwenye rommon, ule mfumo mdogo wa dharura wa ruta, ikionyesha rommon 1 > na faili la mfumo halionekani kwenye flashi (kumbukumbu ya kudumu ya ruta). Msimu wa korosho, tawi la Newala linasubiri, nilikosa usingizi.

Kaka uliyeniambia nisiandike tftpdnld (amri ya rommon ya kuvuta faili la mfumo kwa mtandao, kwangu kutoka laptopu) peke yake bali niongeze -r, Mungu akubariki sana. Bila -r inafuta kila kilichomo kwenye flashi ndipo iandike upya. Ukiweka -r, faili linapakiwa kwenye RAM (kumbukumbu ya muda) tu na ruta inawaka nalo.

Kosa langu la kwanza: niliandika ip_address kwa herufi ndogo. Majina ya mipangilio ya mtandao unayojaza kabla ya amri hiyo, IP_ADDRESS, IP_SUBNET_MASK, DEFAULT_GATEWAY, TFTP_SERVER na TFTP_FILE, lazima yawe herufi kubwa. Nikarekebisha, bado ikakwama. Kumbe faiawoli ya laptopu yangu ilikuwa inazuia UDP 69 (njia inayotumiwa na TFTP, huduma ya kuhamisha faili), na kebo nilikuwa nimeichomeka mlango wa pili wa ruta wakati rommon inatumia ule wa kwanza. Hapo ndipo usiku wote uliishia.

Ilipowaka tu nikapiga copy tftp flash ili faili liandikwe kwenye flashi, maana kilicho kwenye RAM kingepotea umeme ukikatika tena. Mipangilio yetu niliikuta salama, yenyewe inakaa NVRAM, kumbukumbu nyingine isiyofutika umeme ukikatika. Confreg (namba inayoiambia ruta iwake vipi) nimeiacha 0x2102, ile ya kawaida. Nimeizima na kuiwasha mara tatu, inapanda vizuri. Newala wako hewani tangu asubuhi. Asanteni mno.