Kiwiko kinauma hata nikinyanyua kikombe

Wakuu, kiwiko cha mkono wa kulia upande wa nje kinauma wiki ya 4 sasa, kufungua kitasa tu ni shughuli, na kazi yangu ni kupiga rangi kutwa nzima. Nikachome sindano?

> Hicho wanakiita kiwiko cha tenisi, hata kama raketi hujawahi kuishika 😂 Ni kano (nyuzi zinazoshika misuli kwenye mfupa) zimechoka. Punguza kazi ya kukunja kifundo cha mkono, weka barafu dakika 10 hivi, halafu mazoezi taratibu: shika kitu kizito kidogo, kiganja chini, shusha kiganja polepole kwa kukunja kifundo tu. Wengi hupona bila upasuaji ila inaweza kuchukua miezi, hata mwaka.

> Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) usiikimbilie, mimi ilinipa raha wiki chache kisha maumivu yakarudi kwa fujo.

> Vidole viwili vya mwisho vina ganzi? Kama ndio basi ni mshipa wa fahamu unabanwa, hiyo nyingine kabisa. Na kiwiko kikivimba nchani, kikawa chekundu na una homa, nenda hospitali leo leo.

> Ganzi hamna, asanteni. Naanza na barafu.