Bibi anakata roho, kaa anaachia ushuzi

Nimetoka ukumbini sasa hivi, viatu bado viko miguuni, na sitaki chakula kwa sababu hasira imenishibisha. Sina haja ya kuitaja filamu yenyewe, kwani mabango yake yamebandikwa kuanzia Nyali hadi Likoni na hata paka wa Mji wa Kale wanaijua. Nauliza jambo moja tu: bibi yule anapoweka mkono juu ya lango la bahari, akijua kwamba uhai wake unaishia hapo, na mjukuu wake ameshika upindo wa leso yake akilia, ni nani aliyeona kuwa huo ndio wakati wa kaa kuachia ushuzi?

Ushuzi, waungwana. Tena ulikuwa na mwangwi.

Hadi hapo nilikuwa nimevumilia mengi. Nilivumilia ulimwengu wenye miezi miwili angani, mmoja mkubwa kama sinia la pilau, ilhali bahari yake haijai wala haipwi. Sisi huku tuna mwezi mmoja tu, na siku za bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3. Kule bahari imetulia kama uji uliopoa. Nilivumilia majahazi yaliyojaza matanga kwa upepo wa nyuma huku bendera zikipepea kuelekea tezi, yaani nyuma ya chombo, kana kwamba kaskazi na kusi zimeafikiana kuvuma adhuhuri moja. Nilivumilia hata ile kanuni, iliyotangazwa kwa sauti nzito mwanzoni, kwamba kila atumiaye uchawi hupoteza kumbukumbu moja, ingawa shujaa ameutumia mara elfu kumi na bado anakumbuka jina la mbuzi wake wa utotoni.

Kanuni hiyo ingeheshimiwa, tungejua bibi analipa nini. Badala yake tukapewa kaa. Mpwa wangu wa miaka 6 alinigeukia akauliza, "Mjomba, sasa tulie au tucheke?" Chozi langu mwenyewe lilikuwa limefika shavuni, likasimama. Ushuzi! Mbele ya mtu anayekata roho!

Mwana wa Kibokoni: Pole, kaka, ila mtu mzima anayekwenda kutafuta bamvua katika filamu ya watoto amejitakia. Na huyo mpwa ni kisingizio. Aliyetaka kwenda tunamjua.

Nahodha Mstaafu: Kuhusu bendera nakuunga mkono. Mbona hukusema kwamba tanga lao halina hata foromali, ule mti wa kulishikilia? Limening'inia hewani kama shuka iliyoanikwa.

Bi Mkubwa wa Tudor: Mwanangu, afadhali huyo kaa alinyamaza baadaye. Mimi kilichoniudhi ni nyimbo. Mfalme ametekwa, wanaimba. Mji unaungua, wanaimba. Aliyetumwa kuleta maji naye ameweka ndoo chini anaimba.

Mwenye uzi: Naomba turudi kwa kaa.

Kijana wa Kisauni: Mimi nilicheka kwa kaa.

Mwenye uzi: Ndiyo maana wanazitengeneza.

Shoga wa Bamburi: Hayo yote ni madogo. Bisi nilizouziwa pale zilikuwa baridi, na nusu ya mfuko ilikuwa hewa.

Bi Mkubwa wa Tudor: Zako angalau zilikuwa na chumvi, mwanangu?