Majirani wa Albuquerque, New Mexico, Marekani: upepo wa Aprili

*Jumamosi*

13:48 Zawadi: Shikamooni. Simu yangu na ya baba zimelia pamoja kama king'ora. Ni onyo la dhoruba ya vumbi. Tumetoka Tucson, Arizona, asubuhi, sasa tumeshaingia New Mexico, Lordsburg iko mbele.

13:49 Mama Zawadi: Jamani nani anaijua njia hiyo? Mzee Bahati uko?

13:50 Mzee Bahati: Marahaba mwanangu. Msomee baba yako kwa sauti, yeye asiguse simu. Kabla ya Lordsburg kuna ziwa lililokauka, tambarare tupu, wanaiita Playa. Vumbi huinuka hapo na kufunika barabara ya 10 ghafla. Kama kuna njia ya kutokea, tokeni mkangoje kwenye kituo cha mafuta.

13:51 Zawadi: Tumeshaipita. Mbele kuna ukuta wa kahawia, umegusa mawingu.

13:51 Mzee Bahati: Basi sikia. Apunguze mwendo polepole, asifunge breki ghafla. Atoke nje ya lami kabisa, mbali awezavyo. Kisha azime taa ZOTE, hata zile za dharura. Avute handibreki, aondoe mguu kwenye breki. Mikanda msifungue.

13:52 Mama Zawadi: Mzee, wazime taa? Si ndipo hawataonekana?

13:53 Mzee Bahati: Mama Zawadi, anayekuja nyuma haioni barabara. Akiona taa mbili nyekundu hudhani ni gari linalokwenda, anazifuata, anawavaa pale pale mlipoegesha. Na mguu ukibaki kwenye breki, taa ya nyuma inawaka hata kama umezima nyingine. Nimepita hapo na trela miaka minane, nimeyaona.

13:55 Zawadi: Tumetoka. Taa zimezimwa. Sioni hata boneti.

13:55 Mama Zawadi: Ee Mungu wangu.

13:57 Dada Rehema: Zawadi, fungeni madirisha yote na muzime feni ya gari. Jifunikeni pua kwa kitambaa kilicholowa maji. Mavumbi ya huku yana kuvu inayoingia mapafuni, ugonjwa wake wanauita homa ya bonde. Wiki mbili tatu zijazo mmoja wenu akipata kikohozi na homa visivyoisha, amwambie daktari kwamba alikuwa ndani ya vumbi. Msingoje aulize. Wengi hutibiwa kama wana nimonia ya kawaida.

14:06 Zawadi: Lori limepita sasa hivi kando yetu, gari zima limetikisika. Halikupunguza hata kidogo.

14:07 Zawadi: Baba anasema asante Mzee.

14:08 Mama Zawadi: Nimekaa chini. Siwezi kuandika.

14:10 Shangazi Furaha: Nakuja kwako, weka chai.

14:23 Zawadi: Kunaanza kuwa kweupe. Milima inaonekana.

14:24 Mzee Bahati: Msiondoke haraka. Hakikisheni barabara inaonekana mbali, ndipo muwashe taa.

14:40 Baba Imani: Mungu mkubwa. Poleni sana. Hata huku upepo umeng'oa uzio wangu. Mimi mgeni, huu ni mwaka wangu wa kwanza: hali hii ni ya siku ngapi?

14:46 Mzee Bahati: Siyo siku, ni miezi. Kwetu masika ni mvua, hapa majira haya ni upepo, Machi mpaka Mei. Juu angani bado unavuma ule mkali wa majira ya baridi, huku chini jua limeshaanza kuchoma ardhi. Hewa ya chini ikipata moto inapanda, ya juu inashuka na nguvu zake. Ndiyo maana asubuhi kimya, na saa nane mchana bati linataka kuruka. Tuko juu, kama mita 1,600, na udongo umekauka. Hakuna cha kuushika.

14:48 Baba Imani: Basi ile nyama ya kuchoma jioni?

14:49 Mzee Bahati: Usiwashe mkaa. Leo kuna onyo jekundu la moto, cheche moja inatosha. Aprili 2022 moto uliowashwa na wataalamu wenyewe kusafisha msitu, upande wa Las Vegas ya hapa New Mexico, ulitoroka kwa upepo wa namna hii. Ukaungana na mwingine, ukala zaidi ya hekta 130,000. Mwezi huo huo, kwa moto mwingine, mji wa Ruidoso walipoteza nyumba zaidi ya 200, na watu wawili wakafa.

14:51 Baba Imani: Nimeelewa. Nitaipika ndani, mje mle huku.

16:30 Shangazi Furaha: Na wenye bustani! Upepo huu unaleta baridi nyuma yake, usiku wanasema nyuzi 29 za hapa, yaani za Farenhaiti, maji yataganda. Funikeni miche ya nyanya kwa shuka, siyo nailoni ikigusa majani. Mwaka jana lengalenga (mchicha) yangu yote iliungua usiku mmoja, tarehe za mwisho za Aprili, nami nilidhani baridi imekwisha. Nilianza upya na mbegu za kuomba.

16:33 Dada Rehema: Ninazo ndoo tupu sita, nani anataka za kufunikia?

16:34 Baba Imani: Mimi mbili.

17:12 Zawadi: Tumekula Deming. Tunakata kwenda Hatch, halafu barabara ya 25 moja kwa moja nyumbani.

20:21 Mama Zawadi: Nasikia gari uani.