Tupeane uzoefu: mlioomba kuzungumza kwenye tamasha la vitabu, yaliwakuta yapi?

Kalamu Butu: Wakuu, leo nimeona fomu ya tamasha imefunguliwa tena roho ikanidunda. Wanataka mada, jalada, picha na wasifu wa maneno 100. Riwaya nzima niliiandika kwa raha zangu, ila kujisifia kwa maneno mia moja nikakesha! Halafu jibu linakuja "tumepokea maombi mengi mno". Nanyi semeni.

Mama Riwaya: Hahaha hilo jibu kila mtu analo kwenye imeli.

Mzee wa Pembeni: Shida iko kwenye mada vijana. Mtu anaandika "nitazungumzia kitabu changu". Majopo mengi ni watu watatu wanne na mwongozaji wao, kwa hiyo leteni hoja inayoweza kukaa na wenzenu. Sema "kwa nini msomaji humwonea huruma muuaji", kitabu kitajiingiza chenyewe. Na angalieni masharti, kuna wanaotaka vitabu vipya tu.

Jalada Gumu: Na kama umejichapishia mwenyewe, sahau.

Mama Riwaya: Uongo. Wapo wanaopokea, wengine wanakuuzia meza ukae na vitabu vyako.

Jalada Gumu: Meza sio jukwaa dada. Wanachuja kwa sababu watu hawapitii kwa mhariri, nimesoma kimoja mtu anazikwa sura ya pili, sura ya saba anaoa.

Mama Riwaya: Na cha mchapishaji wako kilichotoka kurasa zimepinduka? Kaka usinichokoze leo.

Daktari wa Bandia: Acheni ugomvi niwape yangu. Riwaya yangu ni ya mauaji hospitalini, jina lake lina neno "wodi". Nikaomba, nikakubaliwa, nikashangilia weee. Nafika naangalia ratiba, niko jopo la afya ya jamii! Kushoto nesi mstaafu, kulia mtaalamu wa lishe, mimi katikati na kitabu chenye kisu kwenye jalada. Nikamnong'oneza mwongozaji, akanijibu "tuanze tu, utachangia", kumbe hata nyuma ya jalada hakusoma. Dakika kumi za kwanza nikapona kwa kutikisa kichwa kila nesi akiongea. Yakaja maswali. Bibi mmoja mstari wa mbele akachomoa mfuko wa dawa kwenye mkoba, akapanga vidonge mezani kwangu kimoja kimoja, vyeupe huku vya njano huku, "daktari, hivi vinapatana?" Maiki iko wazi, ukumbi kimya.

Kalamu Butu: 😂😂😂 ukajibuje mkuu???

Wino Mwekundu: Nimecheka hadi mtoto kaamka

Jalada Gumu: Hii chai.

Daktari wa Bandia: Chai kunywa wewe. Nilimwambia bibi mimi najua zinazoua tu, zinazoponya muulize nesi. Watu wakadhani ni utani, wakapiga makofi.

Mzee wa Pembeni: Ndo maana nasema, ukikubaliwa omba ratiba mapema na jina la mwongozaji, umtumie kitabu.

Wino Mwekundu: Niliwahi kujitolea kwenye kamati. Fomu tunasoma usiku tukitoka kazini, tusitumiwe kitabu kizima jamani. Na picha! Mtu kajikata kwenye picha ya harusi, mkono wa mwenzake bado uko begani, hiyo tunaiwekaje kwenye bango?

Kalamu Butu: Baada ya kutuma niwapigie simu?

Wino Mwekundu: Usithubutu.

Mama Riwaya: Piga. Mimi nilipiga nikapata nafasi ya aliyejitoa. Ila uliza mapema nani anauza vitabu, kuna sehemu muuzaji ni mmoja tu na anakata asilimia yake, wewe ulobeba boksi unarudi nalo.

Jalada Gumu: Hapo kwa mara ya kwanza umesema kweli.

Mama Riwaya: Sikukuuliza.

Kalamu Butu: Daktari, siku ile uliuza lakini?

Daktari wa Bandia: Zote ziliisha. Nesi mwenyewe alichukua mbili.